Waraka wa Ufagio

Ilikuwepo nchi, na nadhani ingalipo, maana nchi za namna ile hazifi kirahisi. Jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu wakati wa mambo haya kamati ya kuchagua jina la nchi ilikuwa bado haijakubaliana juu ya jina la kamati. Ilikuwa nchi ya kakao. Kwenye bendera yake kulikuwa na tunda la kakao, kwenye noti tunda la kakao, na kifuani kwa kila ofisa wa serikali kulikuwa na beji ya tunda la kakao, kubwa au dogo kwa kadiri ya cheo chake. Mashambani tu ndiko matunda yalikokuwa yameadimika.

Kwa nini yaliadimika, wizara ilikuwa ikichunguza. Mimi si mchunguzi, nasimulia tu kama nilivyosikia.

Miaka sita nyuma, Mheshimiwa Sana, kiongozi wa nchi ile, alitembelea shamba la kakao kwa dakika kumi na nne. Alipokuwa akitoka, jani moja lililooza lilinata kwenye kiatu chake. Watu wote waliliona. Lakini ratiba ya ziara haikutaja ni nani mwenye mamlaka ya kubandua jani kwenye kiatu cha kiongozi, kwa hiyo jani likapanda naye gari, likahudhuria naye chakula cha mchana, likakaa naye jukwaani wakati wa hotuba. Juma lililofuata ukatoka Waraka Namba Saba, ambao wananchi waliuita Waraka wa Ufagio. Ulisema kwamba shamba ni sebule ya taifa. Kila jani litakaloanguka chini ya mkakao lizolewe siku hiyohiyo na kuchomwa moto. Migomba iliyooza, maganda, takataka za kila aina, marufuku. Mkulima atakayekutwa na uchafu shambani, mikakao yake yote itakatwa.

Mabwana shamba wa nchi nzima wakatumwa kwenda kuwafundisha wakulima kufagia.

*

Bwana shamba wa Bonde la Ikambo aliitwa Lwitiko. Alipopelekwa huko alikuwa kijana mwenye cheti kipya, begi moja, na ufagio wa chelewa wa serikali wenye namba yake. Bonde lilikuwa mbali na kila kitu; gari lilifika mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, tena kwa kubahatisha. Aliambiwa atakaa mwaka mmoja tu. Sita ilikuwa imepita. Alifundisha kufagia kwa moyo wake wote, na hapo ndipo panaponiuma mimi ninayesimulia, maana angekuwa mvivu kama wenzake huenda bonde lingepona. Aliwaonyesha wakulima namna ya kushika ufagio, namna ya kuinama, namna ya kuzunguka shina bila kuacha hata jani moja. Walimwamini. Mashamba ya Ikambo yakang'aa kama ua wa nyumba yenye harusi.

Msimu uliofuata mikakao ikatoa maua kama kawaida, yale maua madogo meupe yanayochomoza kwenye shina lenyewe. Baada ya siku mbili yakaanguka karibu yote bila kuacha tunda. Wakulima wakamuuliza bwana shamba. Bwana shamba akaiuliza wizara. Wizara ikajibu kwamba pengine hawafagii vya kutosha, waanze kufagia mara mbili kwa siku. Wakafagia mara mbili, na maua yakaanguka mara mbili zaidi.

Hapo serikali, ambayo haipendi kuona wananchi wake wakihangaika bila sheria, ikatoa waraka mwingine. Mkakao usiozaa misimu mitatu mfululizo ulipewa jina la Mti Mzembe. Mti Mzembe husomewa mashitaka mbele ya mashahidi wawili, huulizwa kama una la kujitetea, na ukinyamaza hukatwa. Mpaka ninaposimulia haya hakuna mti uliowahi kujitetea.

Shamba moja baada ya jingine likaanguka. Watu wa Ikambo wakafunga mizigo yao, wengine mjini, wengine kwa wakwe, wengine hawakusema wanakwenda wapi. Mwisho wa yote bonde zima lilibaki na mkulima mmoja, mama wa miaka sabini na kitu aitwaye Bi Tusekile, mwenye mikakao arobaini aliyoipanda na marehemu mumewe. Mikakao hiyo ilikuwa imejikongoja kwa tunda moja hapa, mawili pale, mpaka nayo ikanyamaza. Misimu miwili ilikuwa imepita bila tunda. Huu ulikuwa wa tatu, na Mkaguzi Mkuu alitarajiwa mwezi wa nane.

*

Darasa la wakulima lilikuwa kila Jumanne saa tatu asubuhi, chini ya paa la bati lisilo na kuta. Kulikuwa na mabenchi kumi na mawili. Bi Tusekile alikaa benchi la mbele, peke yake, ufagio magotini. Kwa mujibu wa kanuni somo haliwezi kuanza bila kuita majina yote sitini na mawili, na jina la mkulima halifutwi daftarini mpaka mwenyewe aje kusaini kwamba hayupo.

"Andembwisye Mwakyambo?" Lwitiko aliita.

"Hayupo," alijibu Bi Tusekile. "Anauza mitumba mjini. Nasikia sasa ana kibanda chake."

"Sekela Mwaipaja?"

"Hayupo. Kaolewa ng'ambo ya mto. Kajifungua mapacha, wa kike wote wawili."

"Salama?"

"Salama, ila mmoja analia sana."

Ndivyo walivyokwenda, jina kwa jina, mpaka jua likapanda. Lwitiko hakuharakisha. Siku nyingine sita za juma hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, na ilifika mahali akijisikia akikohoa anageuka kuangalia nani amekohoa. Orodha ile ya watu walioondoka ndiyo iliyokuwa baraza lake, mji wake, na jamaa zake wote. Alimpenda yule mama kama mtu anavyopenda dirisha katika chumba cha giza, ingawa hakuwahi kumwambia, maana mwongozo wa mabwana shamba haukuwa na sura inayohusu jambo hilo.

"Ambokile Mwasanga?"

Huyo alikuwa mumewe. Kila Jumanne akifika hapo Lwitiko alishusha sauti.

"Yupo," alisema Bi Tusekile. "Yupo pale kwenye mkakao wa kumi na mbili, nilipomlaza mwenyewe. Huyo hajahama."

Lwitiko akaandika kwamba yupo. Wizara ilipopata taarifa ya mwezi iliona kuwa mahudhurio ya Ikambo yameongezeka maradufu, kutoka mkulima mmoja hadi wawili, ikamtumia barua ya pongezi.

*

Jumanne moja ya mwezi wa kwanza Bi Tusekile hakuja.

Lwitiko alisubiri saa nzima. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaita majina. Aliita yote sitini na mawili na hakuna aliyemwambia nani yuko wapi. Alipofika la mwisho alikuwa ameshikwa na jambo ambalo kwa jina lake halisi ni woga. Akafunga daftari, akashuka mbio kwa Bi Tusekile.

Alimkuta kajilaza kwenye mkeka, mgongo umekataa. Kufagia mashina arobaini mara mbili kwa siku si mchezo wa mtu wa umri ule.

"Usihangaike, bwana shamba," alisema. "Utanyooka wenyewe."

"Umekunywa chochote tangu asubuhi?"

"Nitakunywa."

"Nakupikia uji. Kuni ziko wapi?"

"Acha! Kuni hakuna!" Bi Tusekile alijaribu kuinuka, mgongo ukamrudisha chini. "Usiende nyuma ya jiko, nasema!"

Nyuma ya jiko palikuwa na uzio wa majamvi chakavu na kanga zilizopauka. Kwa miaka yote Lwitiko alidhani ni bafu la mama wa watu, na kwa adabu hakuwahi hata kutupa jicho upande ule. Lakini kuni zilikuwa zimeegemezwa hapohapo. Alipovuta moja, jamvi likaanguka.

Ndani mlikuwa na mkakao. Kuanzia chini ya shina mpaka kwenye matawi ulikuwa umejaa matunda, ya kijani, ya manjano, yamebanana mpaka yanasukumana. Na chini yake kulikuwa na uchafu ambao bwana shamba yule hakuwahi kuuona tangu atoke chuoni: majani ya misimu na misimu, migomba iliyolainika kwa kuoza, maganda ya ndizi, kila kitu kimelowana na kutoa mvuke.

Lwitiko akapiga magoti. Alipofukua jani moja, kikainuka kijiwingu cha usubi, wadudu wadogo kuliko chembe ya ufuta, wakaenda moja kwa moja kwenye maua ya shina na kuingia ndani. Akawatazama kwa muda mrefu. Akakumbuka somo moja la chuoni, la mwaka wa kwanza, kabla ya Waraka: kwamba ua la kakao halichavushwi na nyuki wala upepo, ila na usubi, na usubi huzaliwa kwenye majani yanayooza. Ukurasa wa somo lile kitabuni baadaye waliagizwa kuuchana. Aliuchana yeye mwenyewe, kwa rula, ili usiache mabaki.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Bi Tusekile alikuwa ameficha miaka sita, na kilichozaa ni hichohicho alichokificha.

"Nisamehe, bwana shamba," alilia mama yule kutoka ndani. "Moshi wa kuchoma majani ulikuwa unanibana kifua. Nikawa nayatupa pale. Najua ni aibu. Niliziba ili usije ukaona nimekuangusha."

"Matunda yake unayapeleka wapi?"

"Nayatupa palepale. Nipeleke sokoni waniulize yametoka mti gani?"

Lwitiko akaketi juu ya kuni na kujifunika uso. Sitini waliondoka bondeni, na kila mmoja wao alifundishwa kufagia na yeye.

*

Alimpikia uji, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, na mama alipoweza kusimama tena yeye akafunga safari ya siku tatu kwenda Taasisi Kuu ya Utafiti wa Kakao. Lilikuwa jengo la vioo la ghorofa tisa. Ukumbini, kwenye chungu cha shaba, ulisimama mkakao mmoja chini ya kiyoyozi, na huo ndio uliokuwa ukitafitiwa na watafiti wote arobaini na mmoja. Lwitiko alielekezwa kwa Dakta Hosea Kajela, mkuu wa Idara ya Upande wa Kaskazini wa Mti.

Dakta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Najua," alinong'ona.

"Unajua?"

"Sote tunajua. Nimeandika, soma juzuu ya tisa, tanbihi ya mia mbili na kumi na nne. Maandishi yake ni madogo kidogo."

"Kama mnajua, Dakta, kwa nini hamsemi? Watu wamehama! Kumebaki mtu mmoja!"

"Ndugu yangu, kazi ya mtafiti ni kutafiti. Tukishajua, taasisi itafungwa. Na Waraka umeshasainiwa, nani atamwendea Mheshimiwa Sana amwambie kwamba jani lile la kwenye kiatu ndilo lililokuwa linalisha nchi?" Akachezea beji yake. Alikuwa mtu mpole, na ofisini mwake mlikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, kilichojaa vumbi. "Hebu niambie. Ni kweli ua linatoka kwenye shina? Kabisa kwenye gome? Huu wetu haujawahi kutoa ua."

"Kabisa kwenye gome."

"Loo. Ukipata nafasi niletee tunda moja. Nilinuse tu."

Lwitiko akarudi Ikambo akiwa ameelewa jambo moja: kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kusema.

*

"Mama," alisema Jumanne iliyofuata, akiwa amesimama mbele ya benchi la mbele, "leo hatufagii. Leo tunarudisha majani."

Bi Tusekile alimkazia macho.

"Rudia."

"Nilikosea. Ule mkakao wako wa nyuma ya jiko ndio sahihi. Hii arobaini haizai kwa sababu nilikufundisha kuisafisha. Tukichukua majani na migomba iliyooza pale, tukaimwaga chini ya kila shina, usubi watahamia, na kabla ya mwezi wa nane tutakuwa na matunda."

Mama alipojibu, sauti yake haikuwa ya mwanafunzi.

"Umenifagisha miaka sita, bwana shamba. Mzee wangu alifagia mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anakaa pale jioni anautazama mkakao wake, ananiuliza, 'Tusekile, tumeukosea nini huu mti?' Amekufa na swali hilo. Leo unaniambia jibu lilikuwa takataka?"

"Ndiyo, mama."

"Na uliyetufundisha ni wewe."

"Ni mimi."

Alidhani atainuka aende zake, naye asingekuwa na haki ya kumwita. Badala yake Bi Tusekile akaufuta ufagio kwa upindo wa kanga, akauegemeza kwenye nguzo, akajikaza kusimama.

"Haya. Angalau umekuja kusema mwenyewe. Lete kikapu."

Walibeba majani juma zima. Shamba likawa chafu kwa namna ya kutia moyo, chini pananyevuka, panatoa harufu ya kuoza. Maua yalipotoka, walikaa wawili kila asubuhi kuyasubiri yaanguke. Mengine yakaanguka. Mengine yakabaki, yakavimba, na siku moja Bi Tusekile akamwonyesha kwenye mkakao wa kumi na mbili kitunda chenye ukubwa wa punje ya hindi. Aliweka kidole chake karibu nacho, bila kukigusa, akacheka kwa sauti ndogo mpaka machozi yakamtoka.

Miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote aliyopata kuishi Lwitiko. Walipogolea, wakapalilia, wakagombana kuhusu chumvi ya mboga. Shida ilikuwa moja tu: Mkaguzi Mkuu angekagua mambo mawili, matunda na usafi. Shamba lisilo na tunda lingekatwa kwa uzembe. Shamba lenye majani lingekatwa kwa uchafu. Bi Tusekile ndiye aliyekata shauri, bila juzuu wala tanbihi.

"Matunda yakishashika hayaanguki kwa sababu ya siku moja. Wageni wakikaribia tunafagia, wakiondoka tunamwaga tena. Si ndivyo watu wanavyofanya na sebule?"

*

Mkaguzi Mkuu Gwakisa alifika katikati ya mwezi wa nane na magari matatu, moja la kwake, moja la mpiga picha, na moja la shoka. Beji yake ya kakao ilikuwa pana kama sahani. Shamba lilikuwa limefagiwa jana yake, likafagiwa tena alfajiri. Mkaguzi alitoa kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya mkakao wa kwanza, akakiangalia juani. Kilikuwa cheupe. Akainua macho, akaona matunda. Akahesabu mti baada ya mti, na msaidizi akaandika: elfu moja mia mbili na tisa.

Akapanda juu ya benchi.

"Wananchi wa Ikambo!" alinguruma, na wananchi wa Ikambo, wote wawili, wakasogea. "Maadui wa maendeleo walisema ufagio hauzai! Walisema, tena kwa kunong'ona, kwa kuwa mwongo hunong'ona! Leo ufagio umezaa! Umezaa elfu moja mia mbili na tisa! Waraka Namba Saba umethibitishwa kisayansi, hadharani, mbele ya mpiga picha! Wapi duniani mmeona ufagio ukizaa?"

"Hatujaona," alijibu Bi Tusekile kwa heshima.

"Hamjaona! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, namtangaza mama huyu kuwa Mkulima Bora wa Kudumu. Atahamia mji mkuu leo hii, apewe nyumba yenye zulia, awafundishe wakulima wa nchi nzima kufagia kama alivyofagia yeye!"

Mpiga picha akapiga picha. Bi Tusekile akauliza atarudi lini.

"Kudumu, mama," Mkaguzi alisema kwa upole mkubwa, "maana yake ni kudumu. Shamba lako litatunzwa na bwana shamba. Halitaguswa na shoka daima, ni shamba la kihistoria."

"Na nikikataa?"

"Mkulima Bora hakatai. Akikataa, tutalazimika kuchunguza upya ubora wake. Na wa shamba."

Dereva wa gari la shoka akazima injini ili asikie vizuri.

Nisikufiche, msomaji. Kwa muda wa pumzi mbili hivi Lwitiko alitaka mikakao ile ikatwe yote. Angesema ukweli pale pale, kuhusu majani, kuhusu usubi, na kesho yake mama angekuwa mama wa kawaida asiyehitajika na taifa lolote, akikaa benchi la mbele Jumanne. Ukweli ulikuwa mdomoni. Hakujua kama anataka kuusema kwa ajili ya wakulima wa nchi nzima au kwa ajili yake mwenyewe asiachwe. Nadhani ni kwa ajili yake mwenyewe, na simlaumu.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna jambo kuhusu shamba hili..."

"Jambo lenyewe ni ufagio," alidakia Bi Tusekile, akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote za miaka sabini. "Ufagio tu, mheshimiwa. Huyu kijana anataka kujisifu kwamba ni wa serikali, una namba. Ngoja nichukue nguo zangu."

Hakuchukua muda kufungasha. Lwitiko alimbebea kifurushi mpaka garini, wakatembea polepole kupita ilivyo lazima.

"Mama, wangekuacha," alisema. "Ningesema, wangekuacha."

"Na hii wangeikata." Alitazama mashina yake moja baada ya jingine. "Mimi nimebakiza miaka mingapi? Mikakao hii bado mibichi. Nimeipanda na mtu."

"Utafundisha watu kufagia. Watakosa kakao nchi nzima."

"Nitaona cha kufanya nikifika. Wewe kesho mwaga majani. Usiyaache nje siku mbili, usubi watakufa." Akapanda gari, akanyoosha kanga juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza tangu amjue alionekana mdogo. "Kwaheri, bwana shamba."

Mkaguzi Mkuu alimwachia Lwitiko zawadi ya kumlea Mkulima Bora, redio mpya inayotumia jua. Lwitiko naye akamkabidhi mpiga picha tunda moja la kakao lililofungwa kwenye gazeti, ampelekee Dakta Kajela. Baadaye ilikuja barua ya Taasisi yenye mihuri sita, isemayo tunda limepokelewa na limefunguliwa jalada. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo ilibidi ayasogeze karibu na pua, paliandikwa: linanukia kama mvua.

*

Alimwaga majani siku iliyofuata. Usubi walirudi. Alivuna, akavundika mbegu ndani ya majani ya migomba, akazianika, na zilipokauka akazigeuza kwa mkono huku akijieleza kwa sauti anachofanya, maana alikuwa bwana shamba na hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Alikuwa amefundisha somo moja sahihi katika maisha yake, na mtu pekee aliyelielewa alikuwa amechukuliwa akafundishe kinyume chake.

Mwezi wa kumi na moja redio ikatangaza kuwa leo, saa kumi jioni, Mkulima Bora wa Kudumu atazungumza na taifa. Lwitiko aliiweka redio kwenye kizingiti, akakaa mbele yake tangu saa nane.

"Ndugu wakulima," ilisema sauti ya Bi Tusekile, ikienda kwa hatua kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa amekaririshwa. "Mimi ni matunda ya Waraka Namba Saba. Ufagio ni... Ufagio ni nguzo ya..."

Kikasikika kiti kikilia. Mtangazaji akamnong'oneza neno lililofuata, na Bi Tusekile hakulichukua.

"Mimi nilifagia siku mbili tu," alisema, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Siku ya kabla ya wageni, na siku yenyewe." Kisha, kabla mtu hajamzuia, akasema haraka: "Lwitiko, mwanangu. Umekula?"

Mtangazaji alicheka kwa kishindo. Akawaeleza wasikilizaji kwamba hayo yalikuwa mafumbo ya wakulima wa Ikambo, watu wenye hekima nyingi. Kwamba "siku mbili" maana yake ni maisha yote, na "umekula" maana yake ni je, umeshafagia? Akaahidi kwamba wizara itayachapisha mafumbo hayo kwenye kalenda. Kisha ukapigwa wimbo wa taifa, wenye beti kumi na nne, zote za kakao.

Lwitiko hakuwa amekula tangu jana yake. Alikuwa amesimama bila kujijua, ameshika fremu ya mlango.

"Bado, mama," akaiambia redio.

Wimbo ukaendelea. Akasimama wima mpaka ulipokwisha, kama kanuni inavyotaka, kisha akaingia jikoni kusonga ugali wa mtu mmoja.